Ubeti wa Tatu wa Mzee Waya

"Mmenifungia ndani kama kuku wa kuuzwa kesho! Nani amewaambia hewa inaua?" Hayo yalikuwa malalamiko ya marehemu kila asubuhi, miezi yake ya mwisho. Daktari alikataza baridi, mama akafunga dirisha, marehemu akageukia ukuta. Kesi hiyo haikuisha mpaka siku yenyewe. Lakini wasifu una utaratibu wake, tuanze mwanzo.

Marehemu baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Waya, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa seremala na mkulima wa mboga. Alizaliwa shambani, katikati ya matuta, kwa sababu hakungoja mama yake afike nyumbani. Mwenyewe alisema ndiyo maana hakuwahi kuzoea paa.

Alianza shule mwaka 1959 na kumaliza darasa la nane mwaka 1966. Cheti kinasema tabia njema. Mwalimu wa hesabu alisema vingine: "Wewe mwili umelipiwa ada, roho iko juu ya mti." Gitaa alijifunza kwa kuliiba la kaka yake, kaka akishaenda kazini.

Tarehe 2 Februari 1971 aliajiriwa idara ya simu, fundi wa laini. Kazi yake ilikuwa kutembea chini ya nyaya, nguzo hadi nguzo, vilimani na mabondeni, akitafuta palipokatika. Wenzake waliomba kuhamishiwa ofisini. Yeye alipohamishiwa ofisini aliugua tumbo mpaka wakamrudisha porini, akapona siku hiyohiyo. Alistaafu mwaka 2006.

Jumamosi alituchukua sisi wanawe tutembee naye, akatuwekesha masikio kwenye nguzo. "Sikilizeni, inaimba." Kitinda mimba alisikiliza sana, akasema, "Baba, inasema tuna njaa." Marehemu alicheka mpaka akakaa chini, kisha akafungua mkate.

Mama alipolazwa kujifungua huyo kitinda mimba, marehemu alitulea peke yake. Alifua, alipika, alisuka. Tatizo lilikuwa kusuka. Mabinti wawili walikwenda shule nywele zimefungwa kwa fundo la kukazia nyaya, ambalo hufungwa ili lisifunguke hata kwa dhoruba. Halikufunguka. Mwalimu alichukua mkasi. Marehemu alipoviona vile vichwa alisema tu, "Lakini lilishika."

Alifunga ndoa na mama yetu Jumamosi tarehe 9 Desemba 1978. Alikuwa amemtungia wimbo wa beti tatu. Gitaa alilitia waya wa simu, maana nyuzi za dukani, alidai, ni za watu wa kukaa ndani. Ubeti wa pili ulipoisha waya ukakatika, ukamchana kidole, wageni wakacheka, chakula kikaletwa.

"Nakudai ubeti," mama akamwambia.

"Utaupata, bibi harusi."

Hakuupata. Kila alipoudai aliambiwa unaiva, usifunue sufuria. "Nikikulipa utakuwa mke kama wake za watu. Kwa sasa bado ni bibi harusi." Na ndivyo alivyomwita, mbele ya majirani na mbele ya wakwe, mama ana ndoo kichwani na mtoto mgongoni. Shangazi yetu, dada wa marehemu, alimwambia waziwazi: "Wifi, huyo hana ubeti wa tatu. Namjua tangu kuzaliwa. Anakupiga chenga." Mwanzoni mama alicheka. Miaka ilivyokwenda, aliacha kucheka.

Kifua kilianza Agosti 2023. Alilazwa mara mbili, akarudishwa nyumbani na mtungi wa hewa. Walisema mapafu yamechoka. Vidole vikavimba, gitaa likakaa juu ya kabati. Mama hakudai tena.

Jumanne tarehe 11 Juni 2024 aliamka na malalamiko yaleyale. Mama akachoka kubishana. "Mtoeni," akasema. "Ameshindwa kupumua ndani, basi ajaribu nje." Tukabeba kitanda na mtungi hadi barazani. Akatazama vilima. Kisha akamwita, "Bibi harusi, kaa hapa."

Akamwimbia ubeti wa tatu. Sauti ilikuwa kama ya mtu anayepuliza chai. Ulitaja kitambaa cha njano alichojifunga mama siku fundi wa simu alipopita kwao mara ya kwanza. Sisi hatukuwahi kukijua. Mama alikijua.

"Kumbe ulikuwa nao siku zote?"

"Anayekudai haendi mbali," akasema.

Shangazi, aliyekuwa ameubeba mtungi pamoja nasi, alitazama chini. Mstari wa mwisho pumzi haikutosha. Alijaribu tena, akanyamaza. Mama akasubiri. Saa nne alikuwa bado anasubiri, na baba alikuwa ameshaondoka.

Marehemu ameacha mke, dada mmoja, watoto wanne, wajukuu saba, gitaa la nyuzi tano, na viatu vya kazi ambavyo viko mlangoni mpaka leo, kwa kuwa hakuna anayejua viwekwe wapi. Wauguzi, madaktari na majirani mliobeba maji na viti, asanteni.

Mama ametuagiza yaandikwe maneno yake, yasomwe kabla udongo haujamfunika: "Baba watoto, huo mstari mmoja nimekusamehe."

Apumzike kwa amani. Hadaiwi.