Mungu Aliyemrudisha Ekiru Kwenye Mtihani wa Urubani

Bwana asifiwe, ndugu zangu wa Lodwar! Bwana asifiwe na huko Kakuma, ambako haya maneno yatasomwa! Ejok, salamu kwenu nyote!

Wengi mnanijua. Mimi ndiye Ata wa Ekiru. Ata ni bibi, nawaambia wageni wetu ambao Kiturkana bado kinawapiga chenga. Shule sikwenda. Kusoma nilifundishwa kanisani nikiwa na mvi tayari, kwa hiyo mnivumilie. Lakini mdomo ninao, na leo nitautumia. Mjukuu wangu ni rubani wa jeshi! Nasema tena kwa wale waliokuwa wanaongea: rubani! Si mpishi wa jeshi, si mlinzi wa geti. Anaendesha ndege, na aliyefanya ni Mungu.

Zamani tulikaa upande wa Kaikor na mifugo yetu. Wavamizi wakaja, wakachukua ngamia, wakachukua mbuzi, wakaniachia fimbo. Binti yangu akafa akijifungua, akaniachia Ekiru. Nikambeba mgongoni mpaka Kakuma. Nikachoma makaa, nikachuuza kuni, mtoto akakua kwa uji na maombi. Wenzake walipong'olewa meno mawili ya chini, kama ilivyo desturi yetu, yeye nilikataa. Moyo ulikataa tu. Shemeji yangu Lokol, ndugu ya marehemu mume wangu, akasema, "Huyu mama anafuga mzungu." Sawa. Siku daktari wa jeshi alipomwambia afungue mdomo, kila jino lilikuwa nyumbani kwake!

Wakimbizi wa Sudan walipokuja Kakuma, ndege za chakula zikaanza kupita juu yetu, kubwa kama kanisa. Mbuzi wanakimbia, wanawake tunakimbia. Ekiru anasimama. Ameegemea punda wa maji, kichwa juu, mdomo wazi.

"Ata, mimi nitaendesha ile."

"Endesha punda kwanza," nikamwambia, "maji yanamwagika."

Lakini nilisikia kitu moyoni, ndugu zangu.

Akamaliza sekondari hapa Lodwar na alama nzuri, hesabu na fizikia. Jeshi likaita vijana wanaotaka urubani, akaenda Nairobi. Mbio akapita. Kwa daktari akapita. Ukabaki mtihani mmoja, wa kupima kama macho, kichwa na mikono ya mtu inafaa kwa ndege. Huo si wa kukariri vitabu. Wanakuonyesha picha za saa zile za ndani ya ndege, useme haraka: ndege imelala upande gani? Inapanda au inashuka? Maswali mengi, na muda wenyewe mfupi kama chafya.

Ekiru akaanguka.

Alirudi Kakuma amekauka kama samaki wanaoanikwa Kalokol kule ziwani. Aliambiwa anaweza kurudia mara moja tu, mwaka unaofuata. Akianguka tena, mlango huo umefungwa mpaka kufa kwake. Na yeye hakutaka kurudi! Aliona aibu ya mara moja inatosha.

Vijana wa dukani nao hawakumwacha. Akipita na madumu wanaita, "Rubani! Punda yako imetua salama?"

"Haijatua," mwingine anajibu, "imeishiwa mafuta!"

Nikawapita na mzigo wangu wa kuni. "Chekeni," nikasema, "jua la Kakuma litayakausha hayo meno." Maneno makali, lakini nikifika nyumbani nalia kama mtoto.

Kisha akaja Lokol kurusha viatu. Mnajua desturi yetu, mzee anavua viatu vyake vya ngozi, anavirusha chini, anasoma jinsi vilivyoanguka. Akarusha. Akatazama. Akatikisa kichwa.

"Huyu hatapanda juu. Viatu vimekataa. Mtafutieni mbuzi wa mahari aoe, atulie."

Nikaviokota nikampa. "Vaa, shemeji. Viatu ni vya kutembea."

Watu wakacheka, lakini Ekiru hakucheka. Macho yake yalibaki pale chini viatu vilipolala. Hapo ndipo niliogopa, ndugu zangu! Mtihani ulikuwa umemwangusha mara moja. Viatu vilikuwa vinamwangusha kila asubuhi. Nikamlilia Mungu: Akuj, Baba, nilimtoa huyu mtoto Kaikor mgongoni, usimwache afie mbele ya duka!

Mungu akamtuma mtu. Palikuwa na Mwalimu Akol kule kambini, mkimbizi, muumini mwenzetu. Kabla vita havijamtoa kwao alipata kufanya mtihani kama ule. Siku moja alikuja kununua makaa kwangu, akamkuta Ekiru ameinamisha kichwa. Akamwuliza ilikuwaje.

"Niliyojibu nilikuwa na hakika nayo," Ekiru akasema.

"Na mengine?"

"Niliyaacha."

"Uliyaacha wazi? Kwa nini?"

"Sikuwa nimeona vizuri, Mwalimu. Sasa ningesema nini?"

Mwalimu akashika kichwa. "Ya salaam! Hawakuwaambia mjibu yote?"

"Walituambia."

Ndugu zangu, mimi nilimwelewa mjukuu wangu palepale. Kwetu, msafiri akikuuliza kama shimo fulani kwenye mto mkavu lina maji, na hukuyaona kwa macho yako, unafunga mdomo. Ukisema yapo, naye akafika akakuta mchanga, umemwua. Ndivyo nilivyomlea, na sijutii. Mturkana asiyemfundisha mwanawe hivyo, anafundisha nini? Basi mtoto alikaa mbele ya karatasi ya jeshi kama anavyokaa mbele ya mtu mwenye kiu. Asilo na hakika nalo, hakulitaja. Na huko Nairobi wakaona nafasi tupu, wakasema huyu hajui.

"Mama," Mwalimu akaniambia, "pale anatakiwa achague haraka lile linaloonekana kuwa kweli zaidi, kisha aende mbele."

"Kubahatisha? Nimfundishe mtoto wangu uongo uzeeni?"

"Mama, hakuna anayekufa kwa kiu kwenye karatasi."

"Na kwenye ndege?"

"Kwenye ndege anakufa yule anayengoja mpaka aone vizuri."

Tulibishana mpaka chai ikapoa, nikaona afadhali niende kupiga magoti. Na hapo magotini Bwana akanikumbusha mwaka wa njaa kubwa. Umeme ulipiga mbali, upande wa milima. Tukawafunga punda mizigo, tukaufuata. Nani alikuwa ameyaona maji? Hakuna! Tulinusa upepo, tukatazama wingu, tukaenda na watoto wetu, na maji tukayakuta. Tungengoja kuyaona kwanza, mifupa yetu ingekuwa pale mpaka leo. Nikaelewa. Kumtuma mwenzako kwenye kisima usichokiona ni kumwua. Lakini wewe mwenyewe kuinuka na kile kidogo ulichoonyeshwa, huo si uongo. Hiyo ndiyo imani! Haleluya!

Nikamwita Ekiru. "Utarudi Nairobi."

"Na viatu vya babu Lokol?"

"Vile vimekatwa kwa ngozi ya ng'ombe aliyekufa. Kifo chake mwenyewe hakukijua, atajua mambo yako?"

Akacheka! Tangu aanguke mtihani sikuwa nimeona meno yake.

Tukaanza kazi. Mwalimu Akol anachora mchangani zile saa za ndege, na mstari wa mahali ardhi inapokutana na mbingu. Ananionyesha ishara, mimi napiga kofi. Ekiru lazima ajibu kabla sijapiga kofi lingine. Mimi jibu silijui, ndugu zangu, kazi yangu ni makofi. Siku za mwanzo alikuwa anachelewa.

"Ata, sijaona viz—"

"Sema!"

"Imelala kulia!"

"Ndiyo," anasema Mwalimu. Pa!

"Inashuka!"

"Hapana. Usirudi nyuma, nenda mbele." Pa!

Majirani wakasema Ata sasa ana wazimu, anaupigia makofi mchanga. Pigeni kelele, nikasema, mnamzoeza vizuri. Miezi ikapita. Mikono yangu ikaota sugu, na mtoto akawa anajibu kofi likiwa bado hewani.

Siku ya safari nikamtemea mate ya baraka kwenye paji la uso na kifuani, kama bibi zangu walivyofanya. Wako watu humu kanisani wanaosema mate ni ushenzi. Mate ni yangu, jina nililolitaja ni la Yesu. Ekiru akapanda lori, na mimi nikahamia Lodwar kumngojea, maana hapa ndipo yanaposimama malori yanayoleta watu wa Nairobi kupitia Kitale.

Alinisimulia baadaye. Karatasi ilipofunguliwa, swali la kwanza tu lilimkwamisha. Hakuwa na hakika. Akasema moyoni, "Bwana, naenda." Akaweka alama. Akaenda la pili, la tatu, hakurudi nyuma hata mara moja, na sauti ya kusimamisha mtihani ikamkuta amemaliza.

Nilikuwa nauza vikapu vya majani ya mikoma pale stendi ya malori aliporuka chini, mweupe kwa vumbi kama unga.

"Ata," akasema, "wamenichukua."

Vikapu vyangu vilienda wapi, mimi sijui! Nilikimbia naye kule stendi kama msichana, huku utingo wa lori ananiuliza, "Mama, ni harusi?" "Imezidi harusi!" nikamjibu.

Akasoma urubani mpaka akamaliza. Siku ya kubandikwa mabawa kifuani nilikuwepo, na shanga zangu zote shingoni. Ofisa mmoja mkubwa akaniinamia kwa heshima: "Mama, umetoka mbali?" Nikamwambia, "Nimetoka Turkana, baba. Mbali ni huku kwenu." Vijana wakasimama mstari, viatu vinang'aa. Wakaita jina la mjukuu wangu. Nikapiga kigelegele! Ruhusa sikuomba. Mtoto wa binti yangu marehemu, aliyekua kwa uji wa pesa za kuni, alisimama wima na wakubwa wakampigia saluti.

Lokol bado hajaokoka, mwombeeni. Lakini akikutana na mgeni njiani anamwambia, "Rubani yule ni wetu."

Namshukuru Mungu. Namshukuru Mwalimu Akol, popote alipo leo. Na sasa nakugeukia wewe kijana uliyeanguka mara moja ukajifungia ndani, na wewe mama unayengoja Mungu akuonyeshe mwisho wa njia ndipo uanze. Mchungaji anakuja mbele kuomba. Usitazame kama jirani yako anasimama. Simama wewe, Bwana anakuona. Mimi nakaa chini.