Bi Duara, Adui wa Kufuli

Ifikapo tarehe 30 Juni, Bi Duara atakuwa ametimiza miaka thelathini na moja katika karakana yetu ya mashine za hospitali, na uongozi utalazimika kumwachia aende nyumbani. Wapo watakaolia. Wapo pia watakaoweka vikombe vya chai juu ya meza ya majaribio siku hiyohiyo, kwa kuwa hatakuwepo wa kuwafokea.

Alianza kwa kuchomelea nyaya kwenye bodi za umeme, akahamia upande wa programu kwa sababu, kwa maelezo yake mwenyewe, walioandika programu walikuwa wanamharibia bodi zake. Jina la Duara alilipata kwa kuipenda bafa ya duara kuliko anavyompenda mumewe, fundi cherehani, ambaye amelithibitisha jambo hilo mara kadhaa bila kuulizwa. Kwa faida ya wenzetu wa uhasibu: bafa ya duara ni safu ya visanduku kwenye kumbukumbu ya mashine. Kihisi, yaani kifaa kinachopima, kinajaza kisanduku kimoja baada ya kingine, programu inasoma ikifuata nyuma, na safu ikiisha vyote viwili vinarudi mwanzo. Mwandishi mmoja, msomaji mmoja, kila mmoja na alama yake ya alipofikia, na hakuna anayemfungia mwenzake mlango.

Kufuli hakuzitaka hata kuzisikia. Ofisi yetu ya zamani ilikuwa na choo kimoja na ufunguo mmoja. Siku mtunza stoo alipokwenda benki na ufunguo mfukoni, Bi Duara aliitisha kikao papo hapo, watu wakiwa wamebana miguu, akaeleza kwamba ndivyo kihisi kinavyoteseka programu inapoifunga kumbukumbu kwa kufuli na kukiacha kingoje nje. Tofauti ni kwamba kihisi hakijui kujibana: kipimo kinapotea. Hatujawahi kuelewa somo haraka kiasi kile.

Msidhani hakukosea. Alikosea, tena kwenye fani yake. Tulipotengeneza mashine ya kuwatunza watoto waliozaliwa kabla ya wakati, alipitisha kila kitu kwenye bafa moja yenye sheria moja: ikijaa, kipya kinafuta cha zamani. Kwa joto la mtoto ni sawa, maana nani ana haja na joto la jana? Lakini maonyo nayo yalipita humo, pamoja na habari za vitufe. Kwenye jaribio la mwisho, fundi mmoja mwenye vidole visivyotulia alibonyeza vitufe mfululizo, na onyo kwamba mtoto hapumui likafutwa kabla ya kusomwa. Kengele haikulia. Bahati nzuri kitandani alilala mwanasesere.

Mashine nyingine zilikuwa zimeshapakiwa kwenye lori. Fundi alidai hakuna muuguzi atakayebonyeza vile. Mkurugenzi akasema lori linaondoka, na asiyeridhika atafute kazi kwingine. Bi Duara alikuwa na watoto watatu shuleni. Alitoka nje, akapanda nyuma ya lori, akakalia makasha, akatangaza kwamba kosa ni lake na gari halitembei. Mkurugenzi alifoka hadi sauti ikamkauka, kisha akaja kulitazama jaribio kwa macho yake. Mashine zilishushwa. Maonyo yalipewa bafa yao peke yao, isiyofuta kitu ambacho hakijasomwa, na vitufe vikahamishiwa kwingine vikaendelee na upuuzi wao. Bi Duara akapewa karipio rasmi kwa kuzuia gari la kampuni.

Mwezi uliopita alipiga simu muuguzi mmoja, mkali kama pilipili. Alikuwa anapangusa vitufe kwa kitambaa, mashine yetu ikapiga ukelele, akadhani ameiharibu. Kumbe mtoto alikuwa ameacha kupumua. Sasa mtoto ananyonya vizuri, ila muuguzi alitaka kujua sauti ile inapunguzwa vipi. Bi Duara alimjibu kwamba haipunguzwi, akaweka simu chini, akalia mbele yetu sote bila kujificha.

Bi Duara, tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na siku nyingi za furaha na fundi cherehani wako. Mahali fulani kuna mtoto anayekua, wala hatajua kwamba uliwahi kukalia lori kwa ajili yake. Sisi tunajua. Asante, dada yetu.