Madoa Elfu Nne na Simu ya Mwalimu Bonareri

Mgeni rasmi, Dakta Nehemiah Onsongo, mhadhiri wa fizikia kutoka Nairobi. Mzee Haresh, mwenye duka hili. Wazazi, majirani na wanachama wenzetu:

KARIBU KISII

Kabla ya lolote, tunakuambia mbuya mono, asante sana, kwa kufika. Mvua za El Nino zimekula barabara, na tumesikia kwamba ulishuka garini mara mbili kungoja matope yaondolewe. Wapo waliowahi kutuahidi kuja wakati wa kiangazi na hatukuwaona. Tumekuandalia chai ya Nyamira, ndizi za soko la Daraja Mbili na kiti kisichoyumba. Vingine vyote vinayumba, utuwie radhi.

Tumekubaliana tukusomee habari za mmoja wetu, maana ukizijua zake umezijua za kikundi kizima.

TULIKOTOKA

Mwalimu Bonareri Ombati anafundisha hesabu katika shule ya msingi huko Ekerenyo. Mwaka 1995 alikuja katika duka hili la vifaa vya umeme kuchapishiwa mtihani wa darasa la saba. Mchapaji alikuwa Mitali, binti wa Mzee Haresh, aliyesomea kompyuta Nairobi. Mitali alipoingia stoo kutafuta karatasi, mwalimu aliona mezani kitabu cha takwimu kisicho na jalada, akaanza kukisoma amesimama. Mitali aliporudi alimkuta palepale, mtihani ameusahau. Akampa aende nacho.

Baada ya wiki tatu mwalimu alikirudisha pamoja na daftari lenye majibu ya kila zoezi, na swali moja: sura mbili za mwisho, ambazo zilikuwa zimeng'oka, zilisema nini? Mitali hakujua. Basi wakaanza kukutana hapa kila Jumapili alasiri kuzitafuta wenyewe. Jumamosi haikufaa, kwani mwalimu ni Msabato, huwa kanisani, na duka huwa wazi. Akajiunga Ishmael, karani wa kituo cha kununua majani ya chai. Mwisho akajiunga Hawo wa duka la vitambaa, ndiye huyu anayekusomea. Tukawa wanne na kompyuta moja.

Mwaka uliofuata tulisoma makala yako gazetini. Ulieleza kwamba picha za anga sasa ni nyingi kuliko macho ya kuzitazama, na kwamba kompyuta inaweza kufundishwa kwa mifano itusaidie kuzichambua. Tulikuandikia barua bila matumaini makubwa. Ukatutumia disketi tisa.

Kwa faida ya wageni wengine: ndani ya disketi hizo mlikuwa na vipimo vya madoa elfu nne ya mwanga yaliyotolewa katika picha za anga. Kila doa lilipimwa ukubwa, mng'ao na umbo, na mtaalamu aliandika kando yake kama ni nyota, au ni galaksi, yaani kundi kubwa mno la nyota lililo mbali sana hata likaonekana kama ukungu kidogo. Kazi yetu ilikuwa kuionyesha kompyuta mifano hiyo, ikosee, tuirekebishe, ikosee tena, mpaka iweze kuamua yenyewe.

SIMU YA JUMATANO

Mgeni wetu, sehemu hii unaijua kwa upande wako. Leo usikie upande wetu.

Mwezi Mei mwaka jana kompyuta yetu ilipata madoa tisini na saba katika kila mia. Mzee Haresh alileta peremende dukani. Tulikuandikia, nawe ukajibu kwamba ungeitaja kazi yetu katika mkutano wa wanasayansi, Ijumaa ya wiki iliyofuata.

Jumatatu ya wiki hiyo, Mwalimu Bonareri alikuwa akisahihisha hesabu za darasa la saba. Karibu wote walipata zote. Alifurahi kwanza, kisha akakumbuka kwamba maswali yalikuwa yaleyale ya zoezi la marudio. Akabadilisha namba ubaoni, akawapa upya. Nusu ya darasa ilianguka. Alitusimulia baadaye kwamba alisimama na chaki mkononi, akaacha kuandika, kwa sababu hakuwa akiwafikiria wanafunzi tena. Alikuwa akifikiria madoa.

Kesho yake baada ya masomo alikuja Kisii moja kwa moja, akamwuliza Mitali: yale madoa tuliyoipimia kompyuta, tuliyatoa wapi? Mitali alifungua faili, akaona. Tuliifundisha kwa madoa yote elfu nne, kisha tukaitahini kwa hayohayo. Haikuwa imejifunza sana. Ilikuwa imekariri.

Usiku huo waliianzisha upya kwa nusu ya madoa, wakaitahini kwa nusu ambayo haikuwa imeiona. Jumatano asubuhi jibu lilitoka. Sabini na nne.

Ishmael ametuomba tuandike hapa maneno yake mwenyewe, ili yasionekane kufichwa. Alisema, "Mwalimu, barua imeshakwenda. Huko Nairobi nani atahesabu madoa ya watu wa Kisii?"

Mwalimu akamjibu, "Yule atakayejenga juu ya namba yetu."

Alikwenda posta, akapanga foleni kwenye kibanda cha simu. Alituambia kwamba alitaka foleni iwe ndefu zaidi. Aliogopa kwamba utatukana kikundi, au utacheka, au, lililomwumiza kuliko yote, utasema hukutarajia makubwa kutoka kwetu. Ulipopokea alisema bila salamu ndefu, "Daktari, ile tisini na saba si kweli. Tulikosea kuipima."

Ukauliza, "Ya kweli ni ngapi?"

"Sabini na nne."

"Basi nitaisoma hiyo," ukasema, "na nitawaeleza mlivyoigundua."

Mgeni wetu, huenda umeshaisahau simu hiyo. Mwalimu alitoka kibandani, akaketi kwenye ngazi za posta akalia, kisha akarudi dukani kutusimulia. Kwa jibu lako lile, kikundi hiki kingali hai. Ungetukemea, tungesambaa.

TULICHOFANIKISHA

Tangu siku hiyo theluthi moja ya madoa imo katika disketi ambayo Hawo huifungia kwao, na hakuna anayeigusa mpaka siku ya mtihani. Mwalimu aliyachunguza makosa moja baada ya jingine kwa karatasi na kalamu, akagundua kwamba mengi yalikuwa nyota mbili zilizokaribiana mno, kompyuta ikazidhania galaksi moja ndefu. Tukaongeza kipimo kimoja cha umbo. Mwezi uliopita, mbele ya wanachama wote, disketi ya Hawo ilifunguliwa. Themanini na sita katika mia. Hatukununua peremende mpaka Mitali aliporudia hesabu mara tatu.

YANAYOTUTATIZA

Umeme hukatika kompyuta ikiwa katikati ya kujifunza, nayo husahau kila kitu. Pia jina la nyota limetuletea wageni tusiowatarajia. Mzee mmoja alikuja kutoka mbali atazamiwe nyota ya mwanawe anayetaka kuoa. Mwalimu alimketisha, akampa chai, akamweleza kwa Ekegusii kwa saa nzima kwamba sisi hatubashiri. Mzee alisema ameelewa vizuri, kisha akauliza tena kuhusu harusi.

MAOMBI YETU

La kwanza, tunaomba kitabu cha takwimu chenye sura zote.

La pili, tunaomba madoa mapya, hata yakiwa magumu zaidi.

La tatu halimo katika nakala uliyopewa. Mwenyekiti wetu ni Mwalimu Bonareri, na kila tulipoliandika alilifuta kwa kalamu nyekundu. Ameketi karibu nawe na hajui kwamba tunalisoma.

Mwalimu ana cheti cha ualimu na kidato cha nne. Cha tano kilimpita kwa sababu za nyumbani ambazo asingependa zitajwe. Tumesikia kwamba chuoni kwenu mtu mzima asiye na kidato cha sita anaweza kuruhusiwa kufanya mtihani wa kuingia. Hatuombi apendelewe. Tunaomba aruhusiwe kuufanya, na akifaulu, uwaandikie wakubwa wake wampe ruhusa ya masomo.

Tumelijadili jambo hili bila yeye, Jumapili tatu mfululizo. Tunajua kwamba akienda, hakuna kati yetu anayeweza kusoma makosa kama anavyoyasoma. Huenda mwaka mzima tukabaki kwenye themanini na sita. Tunaomba hivyohivyo.

Mwalimu, utusamehe kwa kukuficha. Hii ni mara ya kwanza na tunatumaini ni ya mwisho.

Mgeni wetu, Mungu akurudishe salama kwa njia iliyokauka, aitunze nyumba yako, na awape wanafunzi wako moyo wa kuuliza.

Ni sisi,
Wanachama wa Kikundi cha Takwimu na Nyota, Kisii na Nyamira,
Machi 1998