Chumba Chenye Makochi

Basi lilikuwa nusu tupu, kwa hiyo niliyasikia yote bila hata kutega sikio. Msimamizi wa kiwanda cha mashati alikuwa akimlalamikia mama mmoja muuguzi, ambaye alikutana naye hapo hapo kitini.

"Mama, wafanyakazi wangu hawapumziki! Nimewatengea chumba, nikaweka makochi, feni, mpaka chai ya bure. Hawaingii. Wanatafuna mkate huku wanashona."

"Chumba chenyewe zamani kilikuwa cha nini?"

Msimamizi akakohoa. "Ofisi tu. Ndimo tulimokuwa tunawaitia watu kuwaachisha kazi."

Muuguzi akamtazama kama mgonjwa aliyekunywa dawa ya kupaka.

"Lakini tumepaka rangi mpya!"

"Mwanangu, hata mimi nisingeingia."

Msimamizi akawaza mpaka kituoni kwake. Basi liliposimama aliinuka, uso unang'aa.

"Nimepata dawa, mama. Kesho nitawaita kwa kipaza sauti, mmoja mmoja, kwa jina. Na mimi mwenyewe nitasimama mlangoni kuwapokea."

Akashuka anapiga mluzi, kabla muuguzi hajaweza kufunga mdomo uliobaki wazi.