Kaka Yetu Fremu na Picha Iliyosita

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliofika kumsindikiza kaka yetu, familia imenituma mimi, dada yake anayemfuata kwa kuzaliwa, niwasomee maisha yake, na wakaniomba nisiwe mrefu, lakini mniwie radhi, maana iko sehemu moja ya maisha haya ambayo wengi mmeisikia nusunusu, na wengine mmeisikia vibaya, na leo ndiyo siku ya kuisema ilivyokuwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa pili kati ya watoto wanne wa baba yetu, aliyekuwa seremala, na mama yetu, aliyekuwa mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili ambayo chumba kimoja kilikuwa chetu sote na kingine kilikuwa cha cherehani, mbao na wazazi, kwa mpangilio huohuo. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1973 hadi 1979, kisha sekondari hadi 1983, hakuwa wa kwanza darasani wala hakuwa wa mkia, alikuwa mtoto wa kukaa dirishani, na mwalimu wake wa fizikia ndiye aliyemwambia baba kwamba huyu akipelekwa ukarani mtakuwa mmemzika, mpelekeni chuo cha ufundi, akapelekwa, akasomea umeme na redio, akamaliza mwaka 1986.

Mwaka 1987 aliajiriwa katika jumba la sinema, akiendesha mashine ya kuonyeshea filamu katika kile chumba kidogo cha juu, chenye joto la kumwivisha mtu, na huko ndiko alikopewa jina la Fremu, kwa sababu alikuwa hawezi kusimulia filamu kama watu wengine, nani kampenda nani na nani kamuua nani, yeye alikuwa anakusimulia kwamba katika mkanda wa tatu kuna fremu mbili, zile picha mojamoja za filamu, zimekatika, na mtu anayefungua mlango anaonekana kama amegongwa na mlango. Jumba lile lilifungwa mwaka 1996, likageuzwa ghala la magodoro, na mwaka huohuo akapata kazi katika kituo cha televisheni, chumba cha kuhariri, alikokaa hadi ugonjwa ulipomtoa mwaka 2019.

Kazi yake pale, nieleze kidogo, maana watu wengi walidhani anatengeneza televisheni zilizoungua. Video ni picha zilizosimama, zinazofuatana upesi, filamu inapiga ishirini na nne kwa sekunde moja, kamera nyingine ishirini na tano, nyingine thelathini, na kioo nacho kina kasi yake, kinajichora upya labda mara sitini kwa sekunde, sasa hesabu hizo mbili zisipoingiana, picha moja inakaa kiooni muda mfupi, inayofuata inakaa muda mrefu, na macho yanaona mtu anatembea kwa kusitasita, mpira unaruka badala ya kuviringika, na maandishi yanapita yakitetemeka. Yeye alikuwa anaita hali hiyo kigugumizi. Mimi nilipomwambia sielewi, alinikumbusha karakana ya baba, akasema, “Watu wawili wanabeba meza, mmoja ana hatua ndefu, mwingine fupi. Hakuna mwenye kosa hapo, lakini meza itaumia.”

Basi kuondoa kigugumizi ndiyo kazi yake, kutafuta video ilizaliwa na kasi gani, kuirudishia kasi hiyo, na kukiweka kioo kiende nayo sawa, na aliipenda kiasi cha kutukera. Kaka yetu alikuwa haketi nyumbani kwa mtu kabla hajauliza rimoti iko wapi, salamu zilikuwa baadaye, na jirani yetu mmoja, fundi bomba, yupo hapa, alikuwa akimwona anakuja anamwambia mkewe, “Ficha rimoti, daktari anakuja, leo hatutazami mpira, tunautibu.”

Tarehe 5 Desemba 1998 marehemu alifunga ndoa na wifi yangu, mwalimu wa shule ya msingi, na mawifi tunajulikana tulivyo, lakini huyu mimi sikumpata na kosa, na Mungu akawajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 2 Aprili 2001, na mtoto wa kiume aliyezaliwa mwaka 2005, huyu mnayemwona amekaa kando ya mama yake. Binti yao alikuwa mtoto wa mbio. Hakujua kutembea, ukimtuma chumvi dukani alikimbia, ukimwita kula alikimbia, na alikuwa na mkimbio wake mwenyewe, goti la kushoto likitoka nje kidogo na mkono mmoja ukiachwa nyuma kama umesahaulika, hata ungemwona kwa mbali sana ungesema huyo ni wa Fremu.

Tarehe 17 Septemba 2012, akitoka shuleni, aligongwa na gari mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, akafariki palepale, akiwa na miaka kumi na moja.

Dereva wa gari lile, kijana aliyekuwa akipeleka mikate madukani, alikamatwa, akawekwa rumande, na kesi ikaanza kusikilizwa mwaka uliofuata. Ushahidi mkubwa ulikuwa video ya kamera ya lile duka, ikaonyeshwa mahakamani kwa mwendo wa polepole ili kila mtu aone, na kila mtu akaona, gari linakuja, linasita kama linataka kusimama, halafu linaruka mbele, na mtoto yuko mbele yake. Mwendesha mashtaka alisema dereva alikuwa amemwona mtoto, akapunguza mwendo, kisha akakanyaga mafuta ili awahi kupita, na ukumbi mzima uliguna, na wifi yangu, aliyekuwa amekaa kati yangu na mumewe, alinishika mkono akasema, “Umeona? Alimwona. Alimwona mwanangu.”

Mimi nilimtazama kaka, nikamkuta hatazami gari. Kwenye pembe ya picha ile alikuwepo mwanamke anafagia mbele ya duka, na kaka aliniambia baadaye kwamba alitazama ufagio, akaona gari linaposita, ufagio nao unasita, gari linaporuka, ufagio nao unaruka, na vumbi nalo linakwama hewani kisha linaendelea, akajua aliyesita si dereva. Kamera ya duka ilipiga picha kumi na mbili kwa sekunde, na aliyenakili video kwa ajili ya mahakama, bila nia mbaya wala uzembe wowote, alitumia mashine inayotoa ishirini na tano, ishirini na tano haigawanyiki kwa kumi na mbili, kwa hiyo picha moja katika kila sekunde ilikuwa inabaki muda mrefu kuliko wenzake, na bahati mbaya mojawapo ya picha hizo iliangukia hapohapo, gari lilipomkaribia mtoto.

Ndugu zangu, hapakuwa na mtu mwingine mle ndani aliyeliona hilo, wala wakili wa dereva hakuliona, na kaka yetu alikuwa na hiari ya kukaa kimya, atoke hapo aende nyumbani na mkewe, na kijana yule afungwe. Kesho yake alikwenda kwa mwendesha mashtaka, akaomba mashine yenyewe ya duka, ambayo polisi walikuwa wameihifadhi kama kielelezo, ifunguliwe, ili video ichukuliwe jinsi ilivyorekodiwa, na mwendesha mashtaka akamwuliza, “Mzee, unaelewa unachoniomba? Unajua itamsaidia nani?” Kaka akajibu, “Naelewa. Ningekuwa sielewi ningelala.”

Mahakama ilikubali, na mbele ya askari mpelelezi, katika chumba chake cha kuhariri, kaka yetu aliitoa video ile picha kwa picha, akairudishia kasi yake ya kumi na mbili, akachagua kioo cha kasi ya sitini, maana kumi na mbili inaingia sitini mara tano kamili, kila picha ikae sawa na mwenzake. Mwenzake wa kazi, mhariri waliyekaa naye chumba kimoja miaka yote ile, alimwona anavyorudia palepale, akamwambia, “Fremu, toka nje. Nimekwisha elewa unachofanya, nitamalizia mimi.” Naye akamjibu, “Wewe hujui anavyokimbia.” Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kuhakikisha, alikuwa na hesabu, alikuwa na vipimo, lakini alitaka kuona lile goti na ule mkono unaoachwa nyuma, na ilimbidi amtazame mwanawe akikimbia kuelekea kwenye lile gari, tena na tena, mpaka akimbie kama alivyokuwa akikimbia, na alipokimbia hivyo, akasema, “Ndiye,” akazima kioo, akatoka.

Video hiyo ilipoonyeshwa mahakamani hakuna aliyeguna. Gari lilikuja taratibu, likazidi kupunguza mwendo bila kusita na bila kuruka, na mtoto akachomoka nyuma ya gari lililoegeshwa, uso wake ameugeuzia wenzake anawacheka, na hakuna dereva duniani ambaye angemkwepa. Kijana yule aliachiwa huru, akasimama mlangoni mwa mahakama hajui aende wapi, akataka kumfuata kaka, kaka akamwashiria kwa mkono asije.

Mtu akitenda haki hadithi hupenda kumlipa, kaka yetu hakulipwa. Nyumbani wifi alimwambia, nami nilikuwepo, “Hukuombwa kusema uongo. Uliombwa kunyamaza tu, na hata kuombwa hukuombwa.” Kaka akasema, “Ningenyamaza, kila nikimkumbuka mtoto ningekuwa namkumbuka kwa picha isiyo yake.” Wifi akasema, “Basi baki na picha yako.” Akamchukua mwanawe, akaenda kwa mama yake, akakaa huko zaidi ya mwaka, na ndugu wengine wa pande zote mbili, sitawataja, walimwita kaka majina ambayo hayasemwi mbele ya jeneza, hata likavumishwa kwamba alikuwa amepewa kitu na matajiri wa kiwanda cha mikate, jambo ambalo si kweli, halikuwa kweli, na nilitaka lisemwe hapa akiwa bado hajafukiwa.

Wifi aliporudi, alimwambia mlangoni, akiwa bado na mzigo mkononi, “Sijarudi kwa sababu nimekusamehe. Nimerudi kwa sababu binti yangu aliishi humu.” Kaka akaupokea mzigo. Wakaishi, wakala pamoja, wakamsomesha mtoto wao, lakini televisheni ya nyumba ile haikuwashwa tena, na nyinyi majirani mtakuwa mliona kwamba akija kwenu alichagua kiti kinachoipa televisheni mgongo, na rimoti hakuiulizia tena, hata mpira uliporuka kama panzi. Kazini aliendelea kama kawaida, ila wenzake wanasema aliacha kuimba.

Mwaka 2019 marehemu alianza kuvimba miguu, akapimwa, ikagundulika kwamba shinikizo la damu lilikuwa limeharibu figo zake zote mbili, akaacha kazi, akaanza kwenda hospitali kusafishwa damu, na kila alipokwenda wifi alikwenda naye, akibeba shuka na chupa ya chai, wakikaa kama abiria wasiojuana. Katika wodi ile palikuwa na televisheni ukutani, na siku moja ilikuwa inaonyesha mechi, wagonjwa wakawa wanalalamika kwamba inawaumiza macho, wachezaji wanakimbia kama wamefungwa kamba miguuni, na kaka amefumba macho. Wifi ndiye aliyesema, “Si uwatengenezee?” Kaka akafumbua macho, akamtazama, akadhani hakusikia vizuri. Wifi akarudia, “Baba, watengenezee. Wanaumia.” Kaka akaomba rimoti kwa muuguzi, akagundua kwamba king'amuzi kimewekwa kwenye sitini wakati mechi inarushwa kwa hamsini, akakishusha, na mpira ukaanza kuviringika, na wifi akautazama kwa muda, akasema, “Sasa inakwenda vizuri.” Hayo ndiyo tu waliyosema, lakini kaka alinisimulia siku hiyo mara nyingi kuliko siku ya harusi yake.

Hali yake ilibadilika mwezi Mei mwaka huu wa 2023, moyo ukaanza kuchoka, akalazwa, na asubuhi ya tarehe 9 Juni, wifi akiwa amemshika miguu kuipasha joto, akafariki dunia, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba. Ameacha mjane, mtoto mmoja wa kiume, na sisi ndugu zake watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, waliomhudumia bila kumchoka, inawashukuru majirani, mliolala na sisi hapa nje kwenye baridi, inawashukuru wafanyakazi wenzake wa kituo cha televisheni, na kwa namna ya pekee yule mhariri, ambaye jana alichimba kaburi kwa mikono yake ingawa mgongo wake ni mbovu.

Yupo mtu mmoja zaidi, amekaa nyuma kule, amekuja na watoto wake wawili, na ameleta mikate tuliyokula asubuhi, wengi mmekula hamjui imetoka wapi. Nilikuwa nimemwandika miongoni mwa wa kushukuriwa, lakini jana nilimsomea wifi karatasi hii, nilipofika hapo akanizuia, akasema, “Huyo usinishukurie. Nikiweza, nitamshukuru mwenyewe. Nisipoweza, mume wangu ananielewa.” Kwa hiyo kaka, nimeishia hapo alipotaka mkeo, umefanya yako, yaliyobaki ni yetu, nawe sasa pumzika kwa amani.