Kwaheri kwa Bi Kuramochi, Aliyeikataza Programu Kubahatisha

Tarehe 31 Machi, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Bi Shizue Kuramochi anastaafu kutoka kitengo cha programu hapa Matsue. Ametuomba tusimsifu mno. Ombi limepokelewa na kukataliwa.

Kazi aliyodumu nayo ni ile ambayo hakuna aliyeigombania: kipande cha programu kinachosoma anwani ya mtandao na namba ya mlango, ili kengele ya dharura ya mzee anayeishi peke yake ijue iende kwenye mashine ipi na iingilie wapi. Ni kusoma tarakimu na nukta kutwa nzima. Yeye aliipenda. Aliyekosea mbele yake aliambiwa papo hapo, awe mkurugenzi awe nani, na mchana alikula tambi za soba akiwa amesimama, eti kiti kinaleta usingizi.

Ukaja msimu mmoja wa theluji. Mafundi wetu wamezoea kuandika kila namba kwa tarakimu tatu, lebo zipendeze. Kumi kwao ni 010. Programu nayo, kwa desturi ya kompyuta za zamani, ikiona sifuri mbele huhesabu kwa nane, na kumi hiyo ikasomeka nane. Siku ya kufunga kengele walijaribu taa yake tu, wakaondoka. Mzee Hirosue, mgane wa huko milimani, akaanguka jikoni na kubonyeza kengele. Ikalia kwenye ghala la mji lililofungwa. Alilala sakafuni mpaka muuza tofu ya maharage ya soya alipopita asubuhi. Alipona, ila nyonga haijarudi sawa.

Kikaoni kila mtu alitazama kikombe chake. Bi Kuramochi akasimama: "Kosa ni langu, msihangaike kulitafutia mwenyewe."

Meneja wetu, Bw. Nagatomi, alitaka dawa ya haraka: programu izifute sifuri, maisha yaendelee. Hapa kwetu programu haitoki bila mihuri mitatu, na uliobaki ulikuwa wa Bi Kuramochi. Akagoma. Zilikuwepo nyumba ambamo mafundi walishagundua kioja hicho na kuandika kwa hesabu ya nane makusudi, kumi ikawa 012. Hizo ndizo zingepotea. "Isiyojua iseme haijui, na anwani zikaandikwe upya nyumba kwa nyumba," alisema. "Kubahatisha kapeleke kwenye mbio za farasi."

"Haya, na nani atazunguka nyumba zote hizo kwenye theluji?" meneja akafoka.

"Mimi. Na wewe utaendesha gari."

Akaendesha.

Walianza kwa Mzee Hirosue. Bi Kuramochi aliinama mpaka paji la uso likagusa mkeka, kisha akaandika anwani upya na kumkabidhi kengele. Mzee akairudisha. "Bonyeza wewe. Mimi siiamini tena." Akabonyeza. Kituo cha dharura kikaitika, kikataja jina la Hirosue. Mzee akalia, Bi Kuramochi naye akalia; Bw. Nagatomi anashikilia mpaka leo kuwa machozi yake yeye yalikuwa ya moshi wa jiko.

Tangu hapo, programu ikikutana na anwani yenye utata hukataa na kuandika: "Sielewi. Tafadhali muulize mtu." Wateja wamelalamika weee! Hatujaibadilisha.

Sasa anahamia nyumba ya marehemu wazazi wake huko Okuizumo, ambako atakaa peke yake. Ameagiza kengele yetu, akakataa katakata kuifunga kwa mkono wake. Anataka ifungwe kama ya mtu yeyote. Tuliifunga Jumapili iliyopita, tukaikagua anwani kwa zamu, kisha tukaibonyeza mpaka kituo kikataja jina lake.

Asante kwa yote, Bi Kuramochi. Tunakuombea uzee wa raha na afya. Na siku ukibonyeza, tutaitika.