Mzee Mnyororo, Aliyeuza Mbwa Watulivu

Marehemu, tuliyezoea kumwita Mzee Mnyororo, alizaliwa tarehe 14 Juni 1958, mtoto wa kwanza wa seremala na muuza maziwa. Mimi mdogo wake nilimfuata miaka mitatu baadaye, na maisha yangu yote sikuwahi kununua kitu kwake.

Alianza shule ya msingi mwaka 1966. Mwaka 1971 alimuuzia mwalimu mkuu mbwa wa mwalimu mkuu mwenyewe, baada ya kumpaka masizi. Mvua iliponyesha, mbwa alirudia rangi yake na marehemu akarudi nyumbani. Masomo yakaishia hapo.

Mwaka 1980 alifungua banda la mbwa wa ulinzi nyuma ya karakana ya matairi. Mbwa aliwajua kuliko alivyotujua sisi. Aliweka vidole upande wa ndani wa paja la nyuma, juu kabisa, pale mshipa unapodunda, akanyamaza kama anayesikiliza ugomvi wa jirani. Mbwa aliyetoka kukimbia huku moyo unadunda polepole kama wa aliyelala, fizi zimepauka, miguu ya nyuma inalegea, marehemu alijua ni mgonjwa. Daktari wa mifugo alishamwambia: mbwa wa hivyo asikimbizwe, asipewe dawa za watu, apelekwe akapimwe moyo siku hiyohiyo. Marehemu aliwapeleka sokoni. Aliwauza kwa jina la "watulivu", na bei akaipandisha.

Tarehe 7 Desemba 1985 alimuoa mpishi wa shule, wakajaliwa binti mmoja. "Aliponichumbia alisifia utulivu wangu," mjane husema. "Nikajua ameniona nina kasoro."

Mwaka juzi fundi cherehani wa mtaani kwetu alinunua mtulivu mmoja, akamwita Hakimu. Wiki haikwisha, akamrudisha kwa toroli.

"Mzee, mbwa wako kaanguka mlangoni, mwizi kamruka."

"Alikuwa anamsubiri atoke, dada."

Wateja wakacheka. Fundi hakucheka. Alisukuma toroli hadi kwa daktari wa mifugo, moyo ukapimwa, dawa ikapatikana, naye akafundishwa kuusikiliza mshipa. Leo Hakimu anabweka mpaka majirani wanalalamika.

Januari mwaka huu, marehemu mwenyewe alianza kupumzika katikati ya ngazi. Machi alianguka bombani, midomo imepauka. Mkewe alimsihi waende hospitali.

"Nimetulia tu, mama."

Juni alikwenda kwa fundi yuleyule kupimwa suruali ya harusi ya bintiye. Akayumba. Fundi akamshika mkono, vidole vikabaki kwenye mshipa.

"Kaka, moyo huu ni ule wa Hakimu. Kaa chini, niite gari."

"Ningekuwa mbwa, ningeshakuuzia. Pima suruali, fundi."

"Basi nimpigie mkeo."

"Pima suruali."

Akapima. Wahenga walisema mganga hajigangi, na huyu hata mganga hakuwa, alikuwa dalali. Asubuhi ya tarehe 2 Julai alianguka bandani akimvuta mbwa aliyegoma kwenda na mteja. Mbwa alikaa pembeni yake. Mteja aliondoka. Hospitalini walisema moyo ulikuwa umepunguza mwendo kwa miezi, na kwamba kifaa kidogo cha kuuchochea kingemfikisha harusini na mbele zaidi.

Suruali ilikuwa tayari. Ndiyo aliyoivaa humu ndani ya jeneza, na imemkaa vizuri kuliko nguo yoyote aliyowahi kuvaa. Binti ataolewa baadaye, na atakayeukabidhi mkono wake ni mimi.

Marehemu ameacha mjane, binti, mimi mdogo wake, na mbwa waliobaki bandani. Anayetaka kununua amwone mjane, ila kabla ya kulipa aweke vidole pajani kwa ndani, juu kabisa, asubiri. Marehemu hakumfundisha mteja yeyote jambo hilo; fundi ndiye atakayewaonyesha. Yuko pale nyuma, na Hakimu.

Kaka, pumzika kwa amani. Huko uendako usimuuzie mtu.